Ufugaji wa samaki Mombasa: kabla ya kuweka vizimba horini, tuulize samaki atakula nini na uchafu wake utakwenda wapi

Mwanahori (mleta uzi)

Asalaam aleikum, na salamu kwa wote, wa Mvita, Kisauni, Jomvu, Changamwe, Likoni, na jirani zetu wa Kilifi na Kwale.

Siku hizi kwenye vikundi vingi vya vijana na akina mama wanaoishi kando ya hori zetu, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, Tudor, Mtwapa na hata Port Reitz, habari ni moja. Wanakuja watu na makaratasi, wanasema bahari imechoka, samaki wamepungua, dawa ni kufuga. Kikundi chetu kimeletewa pendekezo la namna hiyo: vizimba vya kuelea ndani ya hori, vifaranga vya kununua, chakula cha kununua, na faida iliyopigiwa hesabu hadi shilingi ya mwisho. Nimeyasoma makaratasi yote. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema kinyesi cha samaki hao kitakwenda wapi, wala chakula chao kinatoka bahari gani. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, na ni mrefu, mniwie radhi.

Ufugaji siupingi. Takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaonyesha kwamba mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa walifika tani milioni 94.4, na kwa mara ya kwanza wakawapita waliovuliwa. Watu wanaongezeka, na bahari haiongezeki. Ila neno "kufuga" limebeba mambo mengi yasiyofanana hata kidogo. Mama anayetega kamba za mwani kule Kibuyuni, Kwale, ni mfugaji wa bahari, na kampuni yenye salmoni laki kadhaa kwenye vizimba vya Chile nayo ni mfugaji. Mmoja haiongezei bahari chakula wala dawa, na mwingine huimwagia vyote viwili kila siku.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Tunaambiwa kila samaki wa kufugwa ni samaki mmoja aliyeachwa baharini. Kwa samaki anayekula majani huenda ikawa kweli. Lakini salmoni, kamba na wengine wanaokula nyama hulishwa chakula chenye unga na mafuta ya samaki wadogo. Sehemu kubwa ya unga huo hutoka kwa dagaa wanaovuliwa Peru, na nyingine hutoka Afrika Magharibi, Mauritania, Senegal na Gambia. Samaki wanaosagwa kule ndio wale wale ambao akina mama wa huko walikuwa wakiwakausha na kuwauza bei nafuu kwa watu wa bara. Viwanda vilipofunguliwa, mama akajikuta anashindana na kiwanda mbele ya mashua ileile. Kule Gunjur, Gambia, mwaka 2017 maji ya ziwa dogo la pwani karibu na kiwanda cha unga wa samaki yaligeuka mekundu na samaki wakafa, wenyeji wakaandamana. Kwa hivyo samaki anayependeza kwenye sahani ya hoteli huenda amekula kitoweo cha mtoto wa mvuvi wa nchi nyingine.

Na tusione ni mambo ya mbali. Omena wa Ziwa Victoria, sehemu kubwa yake huishia kwenye chakula cha kuku na samaki badala ya sufuria za watu. Hapa pwani tuna kaa wa mikoko. Ufugaji wake umesifiwa sana, Mtwapa na Mida wapo wanaoufanya vizuri, na bei ya hotelini ni nzuri. Lakini tuseme ukweli wote: kaa wengi wanaowekwa vizimbani ni wadogo waliokamatwa mikokoni, kwa sababu vituo vya kutotolea vifaranga vya kaa bado ni haba sana, na wengi hulishwa samaki wadogo. Hapo bahari imetozwa mara mbili, kwenye mtoto na kwenye chakula. Akilishwa vichwa na matumbo yanayotupwa na wauza samaki, na wale wadogo kabisa na majike yenye mayai yakaachwa, mambo hubadilika. Hilo linawezekana kesho asubuhi bila ufadhili wa mtu.

La pili ni mahali. Ufilipino ilipoteza mikoko mingi sana kwa ajili ya mabwawa ya samaki. Ecuador na Thailand walikata kwa ajili ya kamba. Sisi wenyewe tuna Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako mabwawa ya kamba yalichimbwa kwenye eneo la mikoko miaka hiyo ya nyuma, mradi ukiungwa mkono na Umoja wa Mataifa. Ukikata mkoko ukachimba bwawa, ule udongo mweusi uliokuwa umefunikwa na maji hukutana na hewa, madini ya salfa yaliyomo hugeuka asidi, na baada ya miaka michache bwawa halizai tena. Mfugaji huhama akakata pengine. Wakati huohuo mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya kamba wa baharini na samaki kadha wa kadha wanaokuja kuvuliwa nje wakiwa wakubwa. Yaani umebomoa nyumba ya uzazi ya kamba ili ufuge kamba.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko na zaidi ya nusu iko Lamu. Ya kwetu Mombasa ni kidogo na imeshachoshwa na kuni, boriti, taka na majitaka. Kisheria ni msitu wa serikali tangu 1932. Atakayekuambia "hapa ni pori tu, tufyeke tuchimbe" anakutia matatani na sheria pia.

La tatu ni uchafu wenyewe. Zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyomo kwenye chakula cha samaki haibaki mwilini mwake. Hutoka kama mkojo na kinyesi, na chakula kisicholiwa huzama. Kwenye kizimba hakuna pa kukusanyia, vyote huanguka chini. Sakafu ya bahari chini ya vizimba vilivyojazana huwa tope jeusi linalonuka mayai yaliyooza, oksijeni imekwisha, wadudu wa chini wamekufa. Sasa ichukue hori ya Tudor. Mlango wake pale Nyali na Mji wa Kale ni mwembamba, na ndani inatanuka hadi Mikindani, Jomvu na Mishomoroni. Maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hilo hutusaidia karibu na mlango, lakini kule juu maji hukaa siku nyingi kabla ya kubadilishwa. Masika mito ya Kombeni na Tsalu huleta udongo. Majitaka ya mitaa yanaingia mwaka mzima. Hori tayari inabeba mzigo, na pendekezo linataka kuiongezea.

Dawa nitazipitia haraka. Chile imetumia antibiotiki nyingi mno kwa salmoni, na Norwei ikazipunguza karibu zote kwa kuchanja samaki, kwa hiyo inawezekana. Sisi bado hatujafika hatua ya kulumbana juu ya chanjo.

Nangoja maoni, hasa ya wale walioshika nyavu na walioshika ndoo za chakula.

MwanaDunga

Nawasalimu kutoka Kisumu. Naomba niwape ya kwetu ili msijifunze kwa hasara.

Vizimba ziwani vilianza kwa majaribio, vikashamiri kuanzia kama 2013, na ndani ya miaka michache upande wa Kenya peke yake vilipita 3,000. Viliwasaidia watu, sitasema uongo. Vijana walipata kazi, na samaki akapatikana wakati wavuvi wanarudi mikono mitupu. Lakini wengi walivitia karibu na ufuo, kwenye ghuba zilizojificha upepo, kwa sababu hapo ni rahisi kulinda wezi na kupeleka chakula. Mahali palipotulia kwa mlinzi ndipo maji hayatembei.

Mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi kwenye vizimba vya upande wa Kisumu. Asubuhi watu walikuta wameelea, matumbo juu. Watafiti walisema oksijeni ilishuka: maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu. Wapo waliokuwa na mikopo benki na hawajainuka mpaka leo. Samaki wa porini akiona maji yameharibika hukimbia. Wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo ushauri wangu: wakija na vizimba, waulizeni kina cha maji wakati yamekupwa, siyo yakijaa. Waulizeni nani atapima oksijeni usiku, kwa sababu alfajiri ndipo huwa chini kabisa. Na waulizeni idadi ya mwisho ya vizimba. Kimoja hakiui ghuba. Tatizo ni kwamba jirani akiona umevuna, naye anaweka.

Mwanahori

Ahsante sana ndugu yangu. Hilo la maji yaliyokupwa sikuwa nimeliona likiandikwa popote, na kwetu lina uzito kuliko kwenu, kwa sababu maji ya ziwa hayapwi. Kuna sehemu za hori ambazo mchana mashua inaelea na jioni watoto wanatembea juu ya tope. Kizimba kikikaa hapo, nyavu itagusa kinyesi chake chenyewe.

Nahodha wa Jomvu

Nimesoma yote. Mimi nimevua hori hii tangu nikiwa mtoto na baba yangu kabla yangu. Niwaulize nyinyi wenye elimu: kila mara likija neno la mazingira, anayefungiwa ni nani? Hifadhi ya bahari ilipowekwa hapa 1986 tuliambiwa tusivue. Nyavu za kukokota zikapigwa marufuku, zikachomwa. Bandari ikapanuliwa, tukasukumwa. Leo kijana anataka kufuga samaki apate riziki, mwaja tena na habari za kinyesi cha samaki. Kinyesi cha binadamu kinachoingia kutoka mitaani mwakisemaje?

Mwanahori

Mzee wangu, shikamoo. Uchungu wako una haki, na sitaujibu kwa maneno mepesi. Majitaka ya mitaani ni mabaya kuliko kizimba chochote kitakachowekwa leo, na wanaostahili kuwajibika ni wenye mabomba, siyo wenye mashua. Hilo tulisimamie bila kuyumba.

Lakini nikuombe uitazame kwa upande mwingine. Vizimba vikiwekwa, havikai hewani. Vinakaa juu ya maji unayovua wewe. Vinahitaji mlinzi, mlinzi anahitaji mpaka, na mpaka ukishawekwa, mvuvi anaambiwa apite mbali. Mwenye mtaji wa vizimba ishirini mara nyingi si mtu wa Jomvu. Kwa hiyo hili la mazingira na hili la haki ya mvuvi ni jambo moja. Ndiyo nataka BMU, kile chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, iulizwe kabla ya karatasi kutiwa sahihi, siyo baada.

Na zipo njia za kumrudisha samaki bila kumfuga, ambazo zimeanzishwa na wavuvi wenyewe. Kuruwitu kule Kilifi, mwaka 2005 wanakijiji waliamua kufunga kipande cha bahari yao, kama hekta 30 hivi, wakakiita tengefu. Hawakuamriwa na mtu. Matumbawe yalirudi, samaki wakaongezeka ndani na kumwagikia nje wanakovua, na vijiji vingine vya pwani vikaiga. Yako pia malema, mitego ya kusukwa, yenye mwanya wa kutorokea, ambao samaki wadogo hupita wakaenda zao na wakubwa wakabaki. Mwanya huo haugharimu kitu kikubwa, na samaki anayebaki ndiye mwenye bei. Ukiniuliza fedha za mradi ziende wapi kwanza, ningeanza na mambo haya kabla ya kununua gunia moja la chakula.

Mfugaji wa Kisauni

Mleta uzi, umetuweka sote kapu moja. Mimi nafuga tilapia na kambare kwenye matangi ya saruji nyuma ya nyumba, maji ya kisima. Kisima chetu kina chumvichumvi, hayafai kunywa wala hayafai kupikia chai, ila tilapia anayavumilia. Hakuna hori iliyonitegemea mimi ichafuke. Maji nikiyabadilisha naimwagia migomba na minazi, na mchicha nimeotesha kwenye mitaro ya changarawe ambayo maji ya tangi hupitia kabla ya kurudi. Mboga zinakula kile unachokiita uchafu.

Shida yangu ni chakula, hapo umesema kweli. Zaidi ya nusu ya gharama zangu zote ni magunia ya chakula. Mnakumbuka ule mpango wa serikali wa 2009, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba? Samaki wa kufugwa nchini wakapanda hadi zaidi ya tani 20,000 mwaka 2014, halafu wakaporomoka. Mabwawa mengi yalikauka kwa sababu ruzuku ya chakula na vifaranga iliisha na mkulima hakuweza kujinunulia. Nilichofanya mimi ni kufuga funza wa nzi askari mweusi. Nachukua mabaki ya matunda na mboga sokoni Kongowea, yale yanayooza pale na kunuka, nalisha funza, funza nawapa samaki. Sijafika kuacha magunia kabisa, lakini nayatumia kidogo. Kenya ina kiwango cha KEBS, shirika la viwango, cha wadudu wa kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo tangu 2017, kwa hiyo siyo jambo la kujificha.

Mwanahori

Ndugu yangu, mfano wako ndio ninaoutaka, na nafurahi umeuleta mwenyewe. Taka za Kongowea zikawa kitoweo, maji yakazunguka, mboga zikapatikana, na hori haikuguswa. Kama kikundi chetu kina pesa ya kizimba kimoja, inatosha kujenga matangi kama yako na banda la funza.

Nina ombi moja tu, kwako na kwa wengine wa Kilifi watakaokuiga: tilapia wa Nile asitoroke kuingia mtoni. Mito ya pwani, Sabaki na mingineyo, ina tilapia wake wa asili ambaye hapatikani ziwani. Kwa majirani zetu Tanzania tilapia wa Nile alipoachiliwa ovyo alizaana na tilapia wa kienyeji, na mbegu ya asili ikaanza kupotea. Ukishachanganya damu huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo tangi liwe mbali na mkondo, na bomba la kutolea maji liwe na chujio. Mtu akichoka kufuga asimwage vifaranga mtoni kwa huruma.

Mtoto wa Jambiani

Nimepita hapa kutoka Zanzibar, nimesikia mwani umetajwa mara moja ukaachwa. Sisi tunalima kibiashara tangu 1989, tulianzia Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mama yangu ametujengea nyumba kwa mwani. Hauli chakula cha kununua, hautiwi dawa, hautaki maji matamu. Unafunga miche kwenye kamba, maji yakikupwa unaingia, baada ya wiki sita hivi unavuna.

Lakini msije mkaambiwa ni dhahabu. Bei anapanga mnunuzi, na mkulima huuza kilo ya mwani mkavu kwa pesa kidogo sana. Aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya ufukweni yamekuwa moto. Unaona ncha zinakuwa nyeupe, zinakatika. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Kuiokoa kotonii inabidi kwenda kina kirefu, na wanawake wengi hawajui kuogelea wala hawana vyombo. Tena kuna wanaong'oa majani ya bahari ili kusafisha shamba. Hilo ni baya, maana tafi na changu wanalelewa humo. Tegeni kamba juu bila kung'oa chini.

Mwanahori

Dada, nakushukuru, haya ndiyo yanayofichwa kwenye vipeperushi. Kwetu Kibuyuni, Mkwiro na Gazi wapo wanaolima, nao wanawake ndio wengi, na malalamiko ya bei ni hayo hayo. Nadhani ujanja ni kuongeza thamani hapa hapa, sabuni, unga, mafuta, na kutotegemea mwani peke yake.

Kwa mfano jongoo bahari. Kule kusini magharibi mwa Madagaska familia za wavuvi huwafuga ndani ya nyua za wavu kwenye maji mafupi, wakipokea watoto kutoka kituo cha kutotolea cha Toliara. Jongoo hula masazo yaliyomo mchangani, anapitisha mchanga tumboni na kuutoa ukiwa safi. Hana haja ya gunia la chakula, na bei yake sokoni Asia ni kubwa kuliko samaki wengi tunaowajua. Wetu wa porini wamevuliwa hadi karibu kuisha, na vijana wanazamia kina cha hatari kuwatafuta. Jongoo chini, mwani juu, au chini ya samaki wachache, kila mmoja akila masalio ya mwenzake. Hivyo ndivyo ningependa Shimoni na Gazi ziwe, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, pale Mkomani wanaijua kazi hii. Twendeni tukawaulize.

MamaKaranga wa Likoni

Wanangu mnazungumza vizuri. Mimi nakaanga samaki, na wenzangu mama karanga wote wanakaanga samaki. Mwani haukaangwi. Jongoo simjui kumla na mteja wangu hamjui. Mteja wangu ni kijana wa bodaboda na mama anayetoka kazini jioni, anataka samaki wa shilingi mia na sima. Wavuvi wakikosa, mimi nanunua wale wa barafu wanaotoka Uchina, kwa sababu hao wapo kila siku na bei haipandi. Sasa niambieni, hizi njia zenu zitanipa nini mimi nitie kwenye karai?

Mwanahori

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na mtu yeyote anayeleta mradi wa samaki Mombasa angepaswa kulijibu kwanza. Mradi wa kaa na kamba haukulishi wewe. Unalisha hoteli.

Jibu langu ni mwatiko, na mkizi pamoja naye. Mwatiko ni samaki wetu wa baharini, si mgeni. Hula ule utando wa kijani unaoota chini ya bwawa lenye maji ya chumvi na jua. Ukirutubisha bwawa vizuri kwa samadi kidogo, atakua sehemu kubwa ya umri wake bila kununuliwa chakula, au kwa pumba tu. Anavumilia maji ya chumvi kali na maji yaliyochanganyika na ya mvua. Wafilipino wamemla karne na karne, ndiye samaki wa watu wa kawaida kule. Huko Mtwapa na Majaoni vikundi vimeshamfuga.

Bwawa lake si lazima liguse mkoko. Nyuma ya mikoko kuna uwanda mtupu wa chumvi, ambao maji ya bamvua huufikia mara chache na hakuna mti unaoota. Hapo ndipo pa kuchimba, huku ukanda wa mikoko mbele yake ukiachwa wote, kwa sababu maji yakitoka bwawani yanapitia kwenye mizizi kabla ya kufika horini. Mkoko unakuchujia bure. Na ukisimama unaweza kukulipa kwa njia nyingine pia: Gazi wamelipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 za msitu, na pesa zikaingia kwenye maji na shule za kijiji.

Kasoro za mwatiko nazitaja. Vifaranga wengi bado hukusanywa ufukweni kwa wavu mdogo, na ukikusanya ovyo unaua watoto wa samaki wengine chungu nzima waliochanganyika nao. Inabidi wachaguliwe ndani ya maji na wengine warudishwe wakiwa hai, mpaka vituo vya kutotolea vipatikane. Na ana miba mingi.

MamaKaranga wa Likoni

Mwatiko namjua, marehemu mama alikuwa akimpika wa nazi. Miba si tatizo kwangu. Ukimchanja mistari ya karibu karibu kabla ya kumtia kwenye mafuta ya moto, ile miba midogo inakauka na kutafunika. Tatizo ni apatikane kila wiki. Mkinivunia mara moja kwa mwaka wote siku moja, tajiri atanunua wote kwa bei ya kutupa na mimi nitarudi kwa wa barafu.

Mwanahori

Hilo nimeliandika. Mabwawa kadhaa madogo yanayopandwa kwa kupokezana, wiki baada ya wiki, kuliko bwawa moja kubwa. Na mama karanga wawe ndani ya kikundi tangu mwanzo, wapange wao siku za kuvuna.

Mwanafunzi TUM

Samahani kuchelewa. Mbona hakuna aliyetaja chaza? Nimesoma kwamba chaza mmoja wa Marekani aliyekomaa anaweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku. Tukiwafuga hori ya Tudor si wataisafisha huku tukiwauza?

Mwanahori

Kijana wangu, nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Chaza halishwi. Anachuja maji na kula vijimea vilivyomo, na katika ufugaji wote wa bahari ni yeye na mwani walio na madhara madogo zaidi. Nusu ya pili ina hatari. Kile anachochuja hukaa ndani yake. Hori ya Tudor ina majitaka, na chaza wa humo atakusanya vijidudu vya kuharisha na kipindupindu mwilini mwake, na huliwa mbichi au nusu mbichi. Wafugwe Gazi au mahali pengine penye maji safi yaliyopimwa. Hapa Tudor wawekwe kwa ajili ya kusafisha tu ukipenda, na kuwe na ulinzi mtu asiwauze. Siku majitaka yatakapozuiwa ndipo tuzungumze biashara. Na ndiyo maana Nahodha ana haki kuyataja: huwezi kufuga kilicho bora kabisa kwa sababu ya uchafu ambao si wa mfugaji.

Nahodha wa Jomvu

Sasa nimekuelewa. Mimi sikatai bwawa la mwatiko nyuma ya mikoko. Nakataa kuzibiwa njia. Pale walipochora vizimba kwenye karatasi yenu ndipo tunapopitisha mashua maji yakikupwa, hakuna mkondo mwingine wenye kina. Aliyechora hakuja na maji makavu.

Mwanahori

Basi hilo liingie kwenye maandishi, mzee wangu. Kwa sheria ya mazingira, mradi kama huu hufanyiwa tathmini ya athari, ripoti ikapelekwa kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na umma una nafasi ya kutoa maoni kabla ya leseni. Nimewaandikia wenye pendekezo nikitaka majibu kwa maandishi: kina cha maji yaliyokupwa, chakula kimetengenezwa kwa nini, nani atapima oksijeni alfajiri, idadi ya mwisho ya vizimba, na nani atavitoa mradi ukifa. Majibu yakija nitayabandika hapa yote kama yalivyo.

Mfugaji wa Kisauni, wanakikundi wenzangu wanataka kuja kuona matangi na banda la funza. Jumamosi yoyote ikikufaa, tuambie.

Mfugaji wa Kisauni

Karibuni, ila njooni asubuhi kabla jua halijawa kali, ndipo funza hutolewa. Na mkipitia Kongowea nibebeeni magunia mawili ya maganda ya maembe.

Nahodha wa Jomvu

Siku ya maoni ya NEMA niiteni. Nitakuja na wenzangu wa BMU, na tutawapeleka kwa mashua wauone huo mkondo maji yakiwa makavu.